Mzazi ana ALSP: upime sasa, usubiri, au uishi bila kujua?

Kazi yangu ni ukalimani hospitalini, huku Marekani. Nakaa kati ya daktari na familia, na kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba mkalimani haongezi lake. Mtu akinigeukia akasema, "Dada, ungekuwa wewe ungefanyaje?", swali hilohilo nalitafsiri nampa daktari, na daktari hulirudisha kwa upole kwamba uamuzi ni wa mwenyewe. Kanuni hiyo naiheshimu. Lakini siku za kliniki ya magonjwa ya kurithi ya ubongo hutoka mle na maneno yamenijaa kifuani, maana naona watu wanaombwa wachague kati ya mambo ambayo hawajapata nafasi ya kuyalinganisha kwa lugha yao. Hapa simtafsirii mtu. Sitasimulia kisa cha familia yoyote. Nitaziweka njia alizo nazo mtu ambaye mzazi wake ana ALSP, ugonjwa wa kurithi wa ubongo, moja kando ya nyingine, na pale nilipo na maoni yangu nitayasema.

Ugonjwa wenyewe

Neno linalosumbua kuliko yote ni lile la "nyeupe". Mara ya kwanza nilipolazimika kulitafsiri nilisema "kitu cheupe kwenye ubongo", na mzee mmoja akauliza kwa hofu kama ni usaha. Tangu siku hiyo nasema "sehemu nyeupe ya ubongo", halafu naeleza: ubongo wa kila mtu una sehemu ya kijivu, ambako fikra hufanyika, na sehemu nyeupe, ambayo ni nyuzi zinazopeleka habari kutoka sehemu moja hadi nyingine. Weupe unatokana na mafuta yaliyozizunguka nyuzi hizo, yanayoitwa mielini. Nyuzi zikiharibika, habari zinachelewa au hazifiki. Mguu unaambiwa uinuke, unakawia. Mtu anajua anachotaka kusema na kufanya, lakini hakianzi.

ALSP ni herufi za jina refu la Kiingereza. Maana yake ni kuharibika kwa sehemu nyeupe kunakoanza ukubwani, huku kwenye hadubini kukionekana uvimbe mdogomdogo kwenye nyuzi za neva na seli zenye rangi ya kahawia. Mwaka 1984 madaktari wa Uswidi waliueleza ugonjwa unaofanana nao sana katika ukoo mmoja wa huko, kwa jina jingine. Mwishoni mwa 2011 kikundi cha watafiti wa Mayo Clinic, Florida, kikagundua kasoro yenyewe iko kwenye jeni inayoitwa CSF1R, kwenye kromosomu ya 5. Jeni hiyo inahitajika ili mikroglia ziishi na kufanya kazi. Mikroglia ni seli za ulinzi na usafi ndani ya ubongo, na zikidhoofika, sehemu nyeupe huanza kufa polepole.

Nyumbani haionekani hivyo. Nyumbani anaonekana mama aliyekuwa hatoki bila kupiga pasi kanga yake, sasa anashinda na nguo ya jana, sufuria zimejaa kwenye sinki, na ukimuuliza anakujibu "nitafanya" bila kunyanyuka. Baba mpole anakuwa mkali, au anacheka msibani. Watu husema ana msongo, amechoka na ndoa, kuna mkono wa mtu. Baadaye ndipo mwendo unapobadilika, mkono unakuwa mzito kama wa mgonjwa wa Parkinson, wengine hupata kifafa, kumbukumbu zinapungua. Utafiti uliokusanya wagonjwa 122 ulikuta wastani wa umri wa kuanza ni miaka 43, ila kuna aliyeanza akiwa na 18 na mwingine 78. Wanawake huanza mapema zaidi, wastani miaka 40, wanaume 47. Ukishaanza, wengi huishi miaka michache tu, ingawa wapo waliokwenda muongo na zaidi.

Hofu ya watoto inaanzia kwenye hesabu. Ukiwa na mzazi mwenye kasoro hii, uwezekano wa wewe kuirithi ni asilimia 50. Naomba tuelewane hapa, kwa sababu nimeona hesabu hii ikieleweka vibaya mara nyingi. Haina maana kwamba mkizaliwa wanne, wawili watapata na wawili watasalimika. Kila mtoto alirushiwa shilingi yake peke yake siku ya kutungwa mimba. Wanne wote wanaweza kuwa nayo, au asiwe nayo hata mmoja. Kufanana na baba kwa sura hakusemi lolote, wala kuwa kifungua mimba. Na ukiwa huna kasoro, huwezi kuwapa watoto wako. Hairuki kizazi.

Kabla yako, apimwe mgonjwa

Hapa ndipo ningependa kukawia, kwa sababu watu wengi wanaruka hatua hii. Anakuja kijana mzima, mwenye afya, anasema "nataka kupimwa ugonjwa wa baba", na ukiuliza ugonjwa wa baba ni upi, kuna karatasi ya zamani iliyoandikwa MS (ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe hushambulia mielini), au "demensia ya mapema", au "kiharusi kidogokidogo". ALSP hutajwa kwa majina hayo yote kabla haijajulikana. Wapo waliotibiwa MS kwa miaka bila nafuu. Na magonjwa ya kurithi ya sehemu nyeupe yako mengi, kila moja na jeni yake, na uzito wa kujua au kutojua unategemea ni lipi.

Chukua CADASIL. Jeni yake ni NOTCH3, iligunduliwa Ufaransa mwaka 1996, na inarithiwa kwa asilimia 50 ileile kama ALSP. Lakini tatizo lake liko kwenye mishipa midogo ya damu. Mara nyingi huanza na kipandauso kinachotanguliwa na macho kuona vimulimuli, kisha kiharusi kidogo kabla ya uzee, tena kwa mtu asiye na presha wala kisukari. Kwenye MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo, ncha za mbele za pande za ubongo, usawa wa mapanja mbele ya masikio, hung'aa kwa namna ambayo daktari mzoefu huitambua. Dawa ya kuiponya haipo, ila sigara na presha vinaiharakisha, na hayo yako mikononi mwako. Kwa hiyo mwenye mzazi wa CADASIL anaweza kuacha sigara na kupima presha kila mwezi hata kama hataki kamwe kujua jibu la jeni. Anafaidika nusu ya faida bila kubeba mzigo wa jibu.

Ukigeukia adrenomaelonyuropathi, ambayo madaktari huiita AMN, hali inabadilika kabisa. Jeni yake, ABCD1, iko kwenye kromosomu X. Mwanaume huanza kukakamaa miguu akiwa na miaka 20 au 30 na kitu, kibofu kinasumbua, na wengi wao tezi zilizo juu ya figo hushindwa kutoa kotisoli, homoni inayouwezesha mwili kuhimili maradhi. Upungufu huo wa kotisoli unaweza kuua kwa siku moja mtu akipata homa kali au ajali, na unatibika kwa vidonge. Baba mwenye AMN huwapa kasoro binti zake wote, na hampi mwanawe wa kiume hata mmoja. Kwa mama mwenye kasoro, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana asilimia 50 ya kuirithi. Binti mwenye kasoro naye anaweza kudhoofika miguu akifika miaka 40 au 50, jambo ambalo zamani lilipuuzwa kwa madai kwamba wanawake ni "wabebaji tu". Kipimo cha kwanza kwa mwanaume ni damu ya kawaida inayoangalia mafuta ya mnyororo mrefu sana. Kwa ugonjwa huu sioni sababu ya mwanaume kusubiri.

Tena kuna CTX, ugonjwa wa jeni ya CYP27A1, ambao dalili zake unaweza kuzikuta kwenye historia ya utotoni: kuharisha kusikokwisha, mtoto wa jicho kwa kijana mdogo, uvimbe kwenye kano la kisigino. Huu unahitaji kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili, ndiyo maana huonekana zaidi pale ndugu wa damu wanapooana, na kwetu pwani ndoa za binamu si jambo geni. CTX ina dawa, asidi ya kenodeoksikoliki, ambayo Marekani iliidhinishwa rasmi kwa ugonjwa huu Februari 2025, na ikianza mapema huzuia madhara makubwa. Kumwachia mtu jina la "demensia" huku ana CTX ni kumnyima dawa.

Unaona basi kwa nini jibu la mgonjwa linatangulia. Swali la kupima ni zito katika ALSP, jepesi kiasi katika CADASIL, na katika AMN kwa mwanaume au CTX halina hata haja ya kujadiliwa usiku kucha.

Kuna dalili za picha zinazomsaidia daktari kuifikiria ALSP: madoa ya sehemu za mbele na juu ya ubongo, kupungua unene kwa daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo, nukta zinazong'aa kwenye picha maalumu ya MRI na kubaki ziking'aa miezi kadhaa badala ya kufifia kama za kiharusi, na kwenye CT scan ya vipande vyembamba, vichembe vya chokaa. Uti wa mgongo kwa kawaida hauonyeshi madoa kama ya MS. Lakini kinachofunga mjadala ni jeni. Na jambo moja naliweka wazi hata kama linachoma: mgonjwa apimwe akiwa bado anaweza kusema "ndiyo" mwenyewe. Akishafariki, familia zetu nyingi humzika haraka, na ni haki yao. Mrija mmoja wa damu uliohifadhiwa maabara mapema unaweza kuwajibu watoto wake hata miaka ishirini baadaye.

Kupima sasa

Tuchukue kwamba mgonjwa amepimwa, kasoro ya CSF1R imepatikana, nawe huna dalili. Kipimo chako ni rahisi sana: damu au mate, na maabara inatafuta kasoro ileile moja ya mzazi. Ipo au haipo.

Anayejikuta hana, mzigo wa miaka unaanguka, kwake na kwa watoto wake. Ila usidhani ni furaha tupu. Wapo wanaolia kwa sababu wao wamepona na mdogo wao hajapona, na washauri wanalijua hilo.

Anayejikuta nayo anapata nini? Miaka michache iliyopita ningekujibu: mipango ya maisha tu. Siku hizi kuna upandikizaji wa uboho wa ndani ya mifupa. Uboho wa mtu mwingine huzalisha seli mpya za ulinzi, baadhi huingia kwenye ubongo na kushika nafasi ya mikroglia zenye kasoro. Ripoti iliyotoka 2016 ilieleza mgonjwa aliyekaa takriban miaka 15 ugonjwa ukiwa umetulia baada ya kupandikizwa, na tangu hapo wengine wamefanyiwa katika vituo vichache duniani. Matokeo hayafanani. Upandikizaji wenyewe unaweza kuua, kwa maambukizi au kwa uboho mpya kuushambulia mwili. Nyuzi zilizokwisha kufa hazirudi. Ndiyo maana madaktari wanaoufanya huutaka mapema, dalili zikiwa changa, na mapema haiwezekani kama hujui unachokitafuta. Hoja hii, kwa maoni yangu, ndiyo nzito kuliko zote upande wa kupima.

Hata hivyo uboho unatoka kwa nani? Mtu wa kwanza kufikiriwa ni ndugu wa tumbo moja. Na ndugu huyo naye ana asilimia 50 yake. Haiwezekani kumpandikiza mtu uboho wenye kasoro ileile, kwa hiyo ndugu atapimwa, na siku atakapoambiwa "hufai kuchangia" atakuwa amejua habari yake bila kuiomba. Ukiamua kupima wewe, unagusa mlango wa chumba cha ndugu yako. Zungumzeni mapema.

Kama ndugu hafai, kuna sajili za wachangiaji. Hapa naona uchungu kwa watu wetu. Kwa takwimu za sajili ya Marekani, NMDP, Mzungu ana nafasi ya asilimia 79 ya kupata mchangiaji anayelingana naye kikamilifu, Mmarekani Mweusi asilimia 29. Sisi wa Afrika Mashariki hata katika kundi hilo tuko wachache. Siku hizi upandikizaji wa kulingana nusu, kutoka kwa mzazi, mtoto au ndugu asiye na kasoro, umeziba sehemu ya pengo. Lakini kama unasoma haya na huna mgonjwa yeyote nyumbani, na una umri wa kati ya 18 na 40, jisajili. Ni pamba mbili tatu za kusugua ndani ya shavu.

Kuhusu dawa, nisikupe tumaini lisilokuwepo. Hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa ALSP. Iluzanebart, iliyokuwa ikijaribiwa na kampuni ya Vigil Neuroscience, ilibeba matumaini ya familia nyingi. Juni 2025 kampuni ilitangaza kwamba haikuonyesha faida na jaribio likasimamishwa. Utafiti mwingine unaendelea, na anayejua kuwa ana kasoro ndiye anayeweza kuitwa.

Upande wa gharama ya nafsi: ukijua, hutaweza kutojua tena. Kila funguo utakayosahau mezani utajiuliza kama ndiyo imeanza. Jibu halikuambii utaanza lini. Watu wa ukoo mmoja, wenye kasoro moja, wamepishana kwa miaka mingi.

Kusubiri

Kusubiri kuna sifa mbaya isiyostahili. Watu husema ni woga. Nimeona kusubiri kuliko na akili nyingi.

Kijana wa miaka 19 aliye mwaka wa kwanza chuoni hana haraka. Upandikizaji hautafanyika kwake kesho, na jibu linaweza kumvurugia masomo na uchumba kwa miaka 20 bila kumpa chochote cha kufanya. Mtu aliyefiwa na mzazi miezi miwili iliyopita asubiri. Mwenye sonona ambayo haijatibiwa atibiwe kwanza, ingawa hapa kuna fundo: katika ALSP sonona yenyewe inaweza kuwa dalili ya kwanza. Ukiwa na miaka 38, mzazi ana ALSP, na umebadilika tabia hadi mwenzi wako anakushangaa, hiyo si tena habari ya kupima mtu mzima. Wewe ni mgonjwa wa kuonwa na daktari wa neva wiki hii, siyo mwaka ujao.

Kinachotofautisha kusubiri na kuahirisha ni tarehe. Anayesubiri vizuri amekwisha kumwona mshauri wa jeni mara moja, amehakikisha kasoro ya mzazi imeandikwa kwa herufi na tarakimu zake kamili kwenye karatasi aliyo nayo mwenyewe, na ameweka alama: nikifika miaka 30, au tukiamua kupata mtoto, au nikimaliza shahada, nitarudi. Wengine hufanya MRI moja ya kuanzia ili siku ikihitajika kuwe na cha kulinganisha. Ufikirie kabla ya kuifanya, kwa maana MRI nayo inaweza kukupa jibu mlango wa nyuma.

Watoto chini ya miaka 18 wasio na dalili hawapimwi ALSP. Wazazi hukasirika wakiambiwa hivyo, "mtoto ni wangu". Ni wako, ila jibu ni la mtu mzima atakayekuwa, na yeye ndiye ataamua.

Kuishi bila kujua

Ugonjwa wa Huntington, nao wa kurithi wa ubongo, ndio uliofungua njia ya vipimo vya namna hii, na taratibu za leo za ushauri kabla na baada zimetoka huko. Kabla kipimo hakijapatikana watu wengi wa koo hizo walisema wangekitaka. Kilipokuja, waliojitokeza Uingereza walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Mwanasayansi Nancy Wexler, ambaye mama yake alikufa kwa Huntington, aliongoza juhudi zilizoipata jeni ile mwaka 1993, lakini kwa miongo mingi hakutangaza kama amepima. Mwaka 2020 ndipo alisema hadharani kwamba anaugua. Hakuna anayeweza kumwambia Wexler kwamba hakuielewa sayansi.

Kwa hiyo usimwache mtu akwambie kutopima ni ujinga. Anayechagua kutojua anabaki na nusu ya matumaini, na kwa wengine nusu hiyo ndiyo inawaamsha asubuhi. Wapo wenye imani wanaosema siku zangu zinajulikana kwa Mwenyezi Mungu, inanitosha. Nimelitafsiri neno hilo zaidi ya mara moja, na daktari mzuri hulipokea kwa heshima.

Lakini njia hii ina masharti yake. Kwanza, daktari wako wa kawaida ajue historia ya familia, ili siku ukibadilika asianze na MS. Pili, mwenzi wako ajue kwamba asilimia 50 ipo, kabla ya watoto. Tatu, mtoto wako mkubwa akiamua kupima na akakutwa nayo, utakuwa umejulikana hata wewe, kwa sababu hakuna kwingine alikoitoa. Uamuzi wako wa kutojua hauwezi kumfunga mtoto aliyefikisha umri.

Na kuhusu kuzaa, kuna njia wachache wanaijua: kupandikiza mimba kwa njia ya maabara, viinitete vikapimwa na kuingizwa visivyo na kasoro tu. Baadhi ya vituo hufanya hivyo bila kumwambia mzazi kama yeye mwenyewe anayo. Ni ghali, inachosha mwili wa mama, na kila dini ina la kusema. Nimeitaja kwa sababu watu huambiwa "ni lazima upime kama unataka watoto salama", na si lazima.

Kipimo gani, na karatasi zipi

Kwa asiye na dalili, omba kipimo cha kasoro moja ya ukoo. Usikubali kupimwa jeni mia kwa pamoja kama kasoro ya mzazi inajulikana. Kwenye kipimo kipana hujitokeza mabadiliko ambayo maabara inaandika kwamba maana yake haijajulikana, na kwa watu wenye asili ya Afrika hujitokeza zaidi, kwa kuwa kanzi data zimejaa jeni za Wazungu. Karatasi ya namna hiyo inamtesa mtu bure. Kipimo kipana ni cha mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujapata jina. Vile vipimo vya mate vya kununua mtandaoni kutafuta asili yako visitegemewe kwa hili.

Bima ya maisha iwe imenunuliwa kabla ya kipimo, kama uko Marekani. Sheria ya GINA ya mwaka 2008 inamzuia mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi, na bima ya afya, kutumia jibu lako la jeni dhidi yako. Haigusi bima ya maisha, ya ulemavu, wala ya matunzo ya muda mrefu. Jimbo la Florida lilikwenda mbali zaidi mwaka 2020. Kanada sheria yao ya 2017 inakulinda kwa upana, na Uingereza makampuni yamekubaliana kutouliza majibu ya vipimo vya kutabiri isipokuwa Huntington kwa bima kubwa ya maisha. Jua uko nchi gani kabla hujasaini.

Ndugu walioko Dar, Mombasa au Bukavu wana asilimia 50 ileile. MRI zinapatikana katika miji mikubwa ya kwetu. Kipimo cha jeni mara nyingi sampuli husafirishwa nje. Wanachohitaji zaidi kutoka kwako ni nakala ya ripoti ya mgonjwa yenye jina la kasoro. Ila usiitupe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mpigie kila mmoja, muulize kwanza kama anataka kuipokea.

Mimi ningeelekea wapi

Mzazi akiwa na ALSP iliyothibitishwa, nami nina zaidi ya miaka 30, afya ya kuweza kustahimili upandikizaji, na kituo kinachoufanya kinafikika, ningepima. Ningepima kwa sababu ya ule mlango mwembamba wa mapema, ambao hauwezi kufunguka kwa asiyejua. Nikiwa sina njia yoyote ya kufika kwenye kituo hicho, au nikijijua kwamba jibu baya litanivunja, ningesubiri na kuweka tarehe. Chini ya miaka 25 ningesubiri bila kujilaumu. Ndivyo ninavyoona leo, na dawa ikipatikana kesho nitabadili maneno haya bila aibu.

Mara nyingi jibu hutolewa ana kwa ana, baada ya wiki chache, na utaombwa uje na mtu. Wengi huja na mdogo wao au dada yao, kwa kuwa ndio waliokuwa pamoja tangu mwanzo. Ndugu huyo akikaa kile kiti cha pili anasikia habari yako na hapohapo anaanza kusikia yake, na wote wawili mnabaki bila wa kumshika mwenzake. Njoo na mwenzi wako, au rafiki, au shemeji.